John Walter Gregory na Mawe ya Mlima Kenya

Katika wageni waliopita Mombasa zamani, yuko mmoja ambaye maisha yake yafaa kusomwa na vijana wetu: naye ni John Walter Gregory, mwanachuoni wa ilimu ya mawe. Alizaliwa London mwaka 1864. Alipotimia miaka 15 aliacha skuli akawa karani katika biashara ya sufu. Mchana aliandika hesabu za watu, na usiku akaenda darasani. Na kwa masomo hayo ya usiku alipata shahada yake, naye aliajiriwa katika Makumbusho ya Uingereza.

Mwaka 1893 alitoka Mombasa na msafara wa wapagazi wapatao 40. Walipita Bonde la Ufa, wakavuka Laikipia, wakaukabili Mlima Kenya. Mji wa Nyeri haukuwapo bado, kwani uliasisiwa mwaka 1902. Huko juu, asubuhi moja, wapagazi walimwendea kwa hofu wakisema maji ya vyunguni yamerogwa: yamekuwa meupe wala hayatikisiki. Aliwaamuru wayateleke motoni, na barafu ikayeyuka.

Gregory alikusanya mawe ya mlima, na mwaka 1900 jiwe moja alilipa jina la kenaiti, kwa jina la mlima wenyewe. Jiwe hilo lina sodiamu na potasiamu kwa wingi. Madini haya mawili yalitengwa kwanza na Humphry Davy mwaka 1807, kwa nguvu za umeme. Ni laini, hukatwa kwa kisu, wala hayana subira na maji: kipande cha sodiamu kikitiwa majini hutoa haidrojeni na joto kali, pengine kikawaka moto, na maji yanayobaki huunguza ngozi. Kwa hivyo hayaonekani ardhini peke yake. Daima yamefungamana na vitu vingine.

Kalisiamu ni jamaa yao aliye mpole zaidi, nasi twaijua katika chokaa. Jiwe la matumbawe likichomwa hutokwa na hewa iliyomo. Likimwagiwa maji huchemka. Na likipakwa ukutani huirudia hewa ile polepole, likawa jiwe tena.

Mvua hula mawe ya volkeno na kuyatoa sodiamu yake. Ile ya upande wa Nyeri huchukuliwa na mito ya Chania, Gura na Sagana hadi Mto Tana, ikaingia baharini karibu na Kipini. Lakini katika Bonde la Ufa yako maziwa yasiyo na njia ya kutokea. Jua huyakausha, kalisiamu hutangulia kutua chini, kwa kuwa mchanganyiko wake na hewa ile hauyeyuki ila kidogo sana, na sodiamu husalia majini mpaka ikaganda. Hiyo ndiyo magadi tuitiayo katika chungu cha maharage.

Gregory alikuwa profesa Melbourne, kisha Glasgow hadi mwaka 1929. Alikufa maji mwaka 1932 katika Mto Urubamba, nchini Peru, angali akitafuta ilimu, naye ana miaka 68.

Ndugu zetu wasomaji, tuzingatie. Neno alkali, liitwalo kundi la madini haya, ni la Kiarabu, al-qali, nalo ni majivu ya mimea ya chumvi. Na alama ya potasiamu hata leo ni K, kwa ajili ya neno hilo hilo. Jina limetoka katika lugha tunayoisoma chuoni, na mizigo ya msafara ilibebwa kwa vichwa vya wazee wetu. Lakini aliyeyasoma mawe ni yule karani wa sufu. Hakutuzidi kwa mali wala kwa nasaba. Alituzidi kwa saa zile za usiku ambazo sisi twazimaliza barazani. Saa hizo bado twapewa kila siku, na kijana wa Mombasa, Lamu au Malindi aweza kuanza leo.