Seyyid Khalid bin Barghash, Mwenye Kasri kwa Siku Mbili

Baraza yetu ya Likoni imekata shauri, inshallah, kwenda Unguja kulitazama Kasri la masultani, lile jumba jeupe linaloikabili bahari karibu na Forodhani. Michango imeanza na majina ya wasafiri yamekwisha andikwa, watu wazima kumi na wanne na watoto saba. Ila kila tukutanapo baada ya sala ya alasiri huzuka hoja ile ile: tukifika, tutazame nini? Wako wanaotaka kuona vitanda na viti vya wafalme. Akina mama wanataka chumba cha Bibi Salme, binti Seyyid Said aliyekimbilia Ulaya mwaka 1866, na kila mmoja ana la kusema juu ya bibi huyo. Rai yangu mimi ni nyingine. Nimewaambia wenzangu ya kwamba mtu wa Mombasa akienda pale, wa kwanza wa kumkumbuka ni Seyyid Khalid bin Barghash, kwani mahali pale alipakalia siku mbili tu, na umri wake ulipokwisha alifia hapa petu Mombasa.

Khalid alizaliwa mwaka 1874, katika enzi ya baba yake, Seyyid Barghash bin Said. Baba huyo ndiye aliyewaletea watu wa mji maji ya mfereji, na ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, iliyomalizika mwaka 1883. Mtoto alikulia katika majumba yaliyopangana ufukweni, Beit al-Ajaib, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, ambayo watu wa ndani waliweza kutoka moja hadi jingine kwa vivuko vya juu bila ya kukanyaga njia. Barghash alipofariki Machi 1888, Khalid alikuwa kijana wa miaka 14, na katika ukoo wa Al-Busaidi haikuwa lazima mtoto amrithi babake. Akatawala ami yake Khalifa, kisha ami yake Ali. Katika enzi ya Seyyid Ali, mwaka 1890, Waingereza wakaiweka Unguja chini ya himaya yao, na tangu hapo hapakuwa na Sultani aliyekaa ila kwa ridhaa yao. Ali alipofariki mwaka 1893 Khalid alijaribu kushika ufalme. Wakamtoa bila ya risasi kulia, wakamweka mtoto wa ami yake, Seyyid Hamad bin Thuwaini.

Hapa yafaa tuvuke tuje bara yetu, maana mambo ya Unguja na ya huku hayakuwa mbalimbali. Likoni, Kisauni na Changamwe zote zilikuwa milki ya Sultani, na bendera yake nyekundu ilipepea Ngome ya Mombasa mpaka Desemba 1963. Mwaka 1895 palizuka vita vya Wamazrui, na asili yake ilikuwa Takaungu, kwa jambo lilo hilo: mtawala amekufa, na Waingereza wakamchagua wampendaye wao kuliko aliyejiona ana haki. Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia vitani. Mnamo Agosti 1895 jeshi la mabaharia wa Kiingereza lilitoka pande zetu hizi likapanda mpaka Mwele, ng'ambo ya kusini, likaivunja ngome yake. Mkubwa wa jeshi hilo alikuwa Amiri Harry Rawson. Jina hilo tulishike, litarudi.

Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Hamad alifariki ghafula. Maneno ya sumu yalienea mjini na yakaelekezwa kwa Khalid, lakini hayakuthibitishwa. Maiti alizikwa siku ile ile kama ilivyo sunna, na kabla ya jua kutua Khalid alikuwa amekwisha ingia Kasrini na mizinga imelia kumtangaza. Alikuwa na miaka 22. Balozi wa Kiingereza, Basil Cave, alimtaka ashuke, naye akakataa. Walimkusanyikia watu kiasi ya 2,800: askari, watumishi na watumwa wa majumbani, na raia wengi wa mjini. Silaha zao zilikuwa mzinga wa shaba wa zamani, bunduki za mtombo chache, na mizinga miwili aliyoitoa zawadi Kaisari wa Ujerumani. Baharini walikuwa na merikebu moja, Glasgow, iliyoundwa kwa amri ya Barghash baada ya tufani ya 1872 kuzivunja za mwanzo.

Kesho yake simu ikaja kutoka London kuwa nguvu itumike, na manowari St George ikatia nanga. Aliyekuwamo ndani yake ni Rawson, yule yule wa Mwele. Akampa Khalid muda mpaka saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na kutoka. Ulikuwa mwezi wa Mfungo Sita, mwaka 1314 wa Hijra, mwezi wa Maulidi. Saa tatu ikapita. Dakika mbili baadaye manowari zikaanza kupiga, na yalipofika makombora kiasi ya 500, majumba yale yenye mbao nyingi yalikuwa magofu yawakayo moto. Glasgow ilizama pale pale bandarini, na milingoti yake ilionekana juu ya maji kwa miaka mingi. Mambo yote yalikwisha kwa dakika 38 hivi. Watu wapatao 500 waliuawa na kujeruhiwa, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Wazungu wanavipenda vita hivi kwa ufupi wake, huvitaja kama kichekesho katika vitabu vya mambo ya ajabu. Mimi sioni cha kuchekesha katika watu 500.

Khalid alitoka kwa njia ya nyuma akaingia nyumba ya balozi wa Kidachi, na siku ile ile Seyyid Hamoud bin Mohammed akakalishwa kitini. Waingereza waliweka askari mlangoni, ili akitia mguu tu katika ardhi ya Unguja akamatwe. Akakaa humo zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba, maji ya bamvua yalipojaa mpaka kwenye lango la bustani, Wadachi wakaleta mashua mpaka mlangoni, naye akaingia bila ya kukanyaga mchanga. Manowari yao Seeadler ikampeleka Dar es Salaam. Huko alimkuta Mbaruk bin Rashid, ambaye naye alikuwa amekimbilia kwa Wadachi mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Mzee wa Gazi na kijana wa Unguja, wote wawili wameangushwa na Rawson mmoja, wakawa wageni wa mji mmoja mpaka Mbaruk alipofariki mwaka 1910. Rawson mwenyewe alikwisha kwenda Afrika ya Magharibi mapema 1897 akauchoma mji wa Benin.

Vita Vikuu vya kwanza vikamfuata Khalid alipo. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916 walimkamata, na wakamhamishia visiwa vya mbali, Saint Helena walikomfungia Napoleon, na Seychelles, walikowaweka pia Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Mwishowe wakamruhusu kurudi Afrika ya Mashariki, si Unguja kwao bali Mombasa, bandari iliyokuwa ya baba yake. Alifariki mwaka 1927, Mwenyezi Mungu amrehemu, akiwa na miaka 53. Wengine hawakupata hata hilo: Januari 1964 Seyyid Jamshid alipokimbia mapinduzi kwa meli, alitaka kuteremka Mombasa akakataliwa.

Nilipoyaeleza haya barazani, mwenzetu mmoja wa Kisauni hakuridhika. Wazee wake ni watu wa Freretown, mji uliowekwa mwaka 1875 kwa waliotolewa utumwani, na aliuliza kwa nini yeye atoe nauli kwenda kumlilia mwana wa mfalme aliyezungukwa na watumwa. Hoja yake ina uzito na sikuwa na haja ya kubishana naye. Waliokuwa matajiri wa watumwa walimtumaini Khalid, na huyo Hamoud aliyewekwa na Waingereza ndiye aliyetia sahihi mwaka 1897 kuuondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Lakini katika wale 500 wa Agosti wamo watumwa wengi, nao hawakuulizwa wanampenda nani. Basi tumekubaliana kwamba siku ile ile tutakwenda na Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa alilolifunga Barghash mwaka 1873, na yeye ndiye atakayetuongoza huko.

Kwa wanaotaka kufuatana nasi, nawakumbusha kuwa jumba litakaloonekana silo alilolikalia Khalid. Lile liliteketea, na hili lilijengwa hapo hapo baada ya vita, likakaliwa na masultani mpaka 1964 na kufanywa makumbusho mwaka 1994. Beit al-Ajaib ilinusurika mwaka 1896, ila sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa, kwa hiyo tutauliza kwanza milango ipi i wazi kabla ya kulipa chochote. Njia yetu ni ya Lunga Lunga na Tanga mpaka Dar es Salaam, kisha boti. Tumechagua Agosti skuli zikiwa zimefungwa, na bahari ya kusi ina mawimbi, basi wenye kulewa bahari wachukue ndimu zao.

Asubuhi ya tarehe 27 tutasimama ukutani pa bahari, migongo yetu kwenye maji, kabla ya saa tatu. Mwalimu wa madrasa atashika saa. Watoto watakaa kimya kuanzia saa tatu na dakika mbili mpaka dakika 38 zitimie, wakilitazama Kasri, kisha tutawasomea Fatiha waliokufa na ndipo tutakapokwenda kukata tikiti.