Daktari Robert Koch na Kinga ya Malaria

Miongoni mwa matabibu waliotikisa ulimwengu yumo Robert Koch, aliyezaliwa mwaka 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Vita baina ya nchi yake na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870, alijitolea kuwa tabibu wa jeshi ingawa macho yake yalikuwa hafifu; nasi tuvaao magwanda hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Mwaka 1882 alibainisha kijidudu cha kifua kikuu, na jina lake likaenea kote.

Mwaka 1897 aliwasili Dar es Salaam, akachunguza malaria. Lakini jambo kubwa kuhusu homa hiyo aliliona New Guinea mwaka 1900. Damu ya watoto wadogo wa vijijini ilijaa vimelea, ilhali ya watu wazima ilikuwa karibu safi. Akatambua kuwa kinga hujengeka polepole, kwa kuambukizwa tena na tena. Ni kinga ya bei ghali mno, kwani watoto wengi hufa kabla ya kuipata.

Koch hakuwa malaika. Dawa yake ya tuberkulini ya mwaka 1890 haikuponya kifua kikuu, na katika visiwa vya Sese, Uganda, dawa ya atoksili aliyowapa wagonjwa wa malale mwaka 1906 na 1907 iliwapofusha baadhi yao. Alifariki mwaka 1910.

Alichokiona kingali kweli katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, iliyofunguliwa mwaka 1994, ambako Kiswahili husikika kila siku. Mama aliyekulia Kongo na kuugua malaria mara nyingi humwachia mwanawe kinga ya miezi michache tu.

Si mbali na hapo, Lilongwe, ndipo chanjo ya RTS,S ilipozinduliwa tarehe 23 Aprili 2019. Waundaji wake walichukua kipande cha protini inayomfunika kimelea atokapo kwa mbu, wakakiunga na protini ya kirusi cha homa ya ini, zikajikusanya kuwa chembe za duara. Vipande vikipangwa kwa wingi juu ya chembe, askari wa mwili huvitambua upesi. Hata hivyo nguvu hiyo hufifia, na ndiyo sababu ya dozi ya nne. Katika chanjo ya R21 iliyofuata vipande vimesongamana zaidi, lakini dozi ya nne ingali inahitajika.