Tippu Tip na Nasaba ya Uongo



Hapa Kampala, tukisimulia jinsi Uislamu ulivyofika Buganda zama za Kabaka Suna, huwataja kwa shukrani wafanyabiashara wa pwani. Naona ni haki tuseme pia misafara yao ilibeba nini kingine. Kwa hiyo nawaelezea maisha ya yule aliyevuma kuliko wote, ingawa nguvu zake zilikuwa Kongo, si Buganda: Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837, katika ukoo wa Kiarabu uliokwisha kuchanganya damu na watu wa Mrima. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya biashara bara na kuoa katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, Tabora. Ndoa hiyo ilimpa heshima na ulinzi. Basi Hamed alikua akiona kwamba undugu nao ni mtaji.

Alianza na biashara ndogo ya sandarusi akiwa na miaka 12, kisha akafuatana na baba yake bara. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akateka pembe nyingi za ndovu. Wapo wanaosema jina Tippu Tip ni mlio wa bunduki zake.

Linalonisumbua zaidi ni jambo la Utetela. Alisikia kwamba zamani dada wa mtawala Kasongo Rushie alichukuliwa mateka. Hamed akadai kuwa mwanamke huyo ndiye bibi yake. Yule mzee akafurahi kumpata mjukuu, akamwachia utawala, na pembe za nchi zikawa zake. Kisa hiki alikieleza mwenyewe, bila kuona aibu, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili.

Tazameni: alitumia uchungu wa familia iliyoporwa binti ili ajipatie nchi, huku biashara yake ikizipora familia nyingine watoto wao. Dini yetu inaharamisha kumuuza mtu huru, na inaharamisha mtu kujinasibisha na ukoo usio wake. Yeye alifanya yote mawili.

Mwaka 1887 akawa gavana wa Mfalme Leopold huko Stanley Falls, Kisangani ya leo. Baadaye Wabelgiji wakapigana na watu wake, na mwanawe Sefu akafa katika vita hivyo mwaka 1893. Yeye alifariki Unguja tarehe 14 Juni 1905, kwa malaria. Nyumba yake ipo hadi leo Shangani.

Nasaba ya Hamed tunaijua hadi kwa babu zake. Wale aliowapeleka sokoni nao walikuwa na baba na mama, ila hakuna aliyeandika majina yao. Shukrani kwa dini tuliyoletewa isitufunge midomo: tukiitaja misafara, tuwataje na waliofungwa minyororo ndani yake. Nao pia ni wazee wetu.