Ungemwacha Frank Burge benchi?

Hebu jifanye mteuzi wa timu ya raga. Nafasi za mafowadi zimebaki chache. Utamchukua nani: mwenye makombe mengi ama mwenye trai nyingi?

Kabla ujibu, mjue Frank Burge. Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1894. Huko kuna raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande. Akiwa na miaka 16 tu, Burge tayari alikuwa anachezea timu kubwa ya Glebe.

Kazi ya fowadi unaijua: kugongana na kusukumana. Burge aliifanya, na mbio pia alikuwa nazo. Mwaka 1920 alifunga trai nane katika mechi moja. Kwenye ziara ya Uingereza ya 1921-22, akafunga 33 katika mechi 23. Alistaafu na trai 146 za ligi, na hakuna fowadi aliyempita hadi Steve Menzies mwaka 2004.

Shida ni moja: Glebe haikuwahi kushinda ligi.

Burge alifariki mwaka 1958. Miaka 50 baadaye, Australia ilipotaja kikosi bora cha karne, safu ya pili ilipewa Ron Coote na Norm Provan, bingwa wa ligi mara 10. Burge akawekwa benchi.

Provan alistahili, sikatai. Lakini kombe hushindwa na timu nzima, na mchezaji hachagui wenzake. Mimi ningemwanzisha Burge. Wewe je?