William Gosset: Mtengenezaji bia aliyewapa watafiti mizani

MWANASAIKOLOJIA anayepima watu wachache, kisha akatoa kauli kuhusu umma mzima, hutegemea hesabu iliyobuniwa na mtengenezaji bia.

Mtu huyo ni William Sealy Gosset, aliyezaliwa Juni 13, 1876 mjini Canterbury, Uingereza. Baada ya kusomea hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliajiriwa mwaka 1899 na kampuni ya Guinness jijini Dublin, Ireland.

Huko alikumbana na tatizo sugu. Majaribio ya shayiri na pombe yaligharimu fedha na muda, hivyo vipimo vilikuwa vichache mno. Kanuni za takwimu za enzi hizo zilifaa sampuli kubwa. Zilipotumiwa kwa sampuli ndogo, zilimpa mtafiti uhakika asiostahili.

Mnamo 1906 Gosset alienda London kujifunza kwa Profesa Karl Pearson. Ili kupima wazo lake, alitumia vipimo vya kimo na urefu wa kidole cha kati vya wahalifu 3,000. Vipimo viliandikwa kwenye kadi, kadi zikachanganywa, kisha zikagawanywa katika makundi 750 ya watu wanne wanne. Hapo aliweza kuona jinsi wastani wa kundi dogo unavyoyumba kwa sadfa tu.

Makala yake yalichapishwa mwaka 1908 katika jarida la Biometrika. Mfano mmoja ulihusu wagonjwa 10 waliojaribiwa kwa dawa mbili za usingizi. Ya kwanza iliwaongezea wastani wa saa 0.75 za kulala, ya pili saa 2.33. Je, tofauti hiyo ilikuwa ya kweli au ya kubahatisha? Gosset alilinganisha tofauti na mtawanyiko wa vipimo, akakadiria uwezekano wa takriban 666 kwa 1 kwamba dawa ya pili ilikuwa bora.

Hata hivyo, jina lake halikuonekana. Mwajiri wake, akichelea siri za kiwanda kuvuja, hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Gosset akajiita "Student", yaani Mwanafunzi.

Ronald Fisher, aliyetoa uthibitisho kamili wa kihisabati, alieneza mbinu hiyo kupitia kitabu chake cha 1925. Leo hujulikana kama jaribio la t. Ingawa Pearson na Fisher walikuwa mahasimu, Gosset alibaki rafiki wa wote wawili.

Alifariki Oktoba 16, 1937 akiwa na umri wa miaka 61.

Gosset alishikilia kuwa jaribio moja halitoshi, sharti lirudiwe. Mwaka 2015 watafiti waliporudia tafiti 100 za saikolojia, ni asilimia 36 pekee za marudio hayo zilizotoa matokeo yaliyopita kipimo cha takwimu, ilhali asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimekipita. Waliochukua hesabu ya Mwanafunzi walikuwa wamesahau tahadhari yake.