Kabla ya Kanye West kulikuwa na Job Seda

Ukitoka Woodley ukavuka kuingia Kibera, umefika ilikopigwa sehemu ya filamu ya The Constant Gardener (2005). Ile ngoma ya huzuni ndani yake, Kothbiro, si ya kuagizwa ng'ambo. Ni ya Ayub Ogada.

Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956. Miaka ya sabini aliitwa Job Seda, kijana wa bendi ya roki ya Nairobi, Black Savage. Ndio waliorekodi Kothbiro kwanza, yaani “mvua inakuja” kwa Kijaluo. Mwaka wa 1979 alisaidia kuunda bendi ya African Heritage, akashika nyatiti. Mwaka wa 1986 akaenda Uingereza, akawa akiwapigia abiria wa treni za London hadi watu wa Womad wakamgundua. Albamu yake, En Mana Kuoyo, ilitoka 1993.

Mwaka wa 2018 Kanye West alichukua kipande cha Kothbiro ya Black Savage akakitia kwenye Yikes. Ayub na mwenzake Mbarack Achieng wakatajwa miongoni mwa watunzi. Miezi michache baadaye, Februari 2019, Ayub akafariki.

Wengi wetu tuliijua Black Savage kupitia Kanye. Hiyo ndiyo aibu: bendi ilikuwa yetu kitambo.