Mama asiyejua kusoma aliyemlea Lincoln

Abraham Lincoln alizaliwa Kentucky, Marekani, mwaka 1809. Mama yake alifariki mwaka 1818, na mwaka uliofuata baba yake akamwoa mjane, Sarah Bush Johnston.

Sarah hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuja na vitabu vichache katika mizigo yake. Baba alitaka kijana ashike shoka. Mama huyo wa kambo hakukubali abughudhiwe akiwa anasoma. Wazazi wanaosingizia kutosoma wamtazame huyu! Shuleni Lincoln alikaa jumla ya muda usiofika mwaka mmoja. Kitabu alichoazima kwa jirani kiliponyeshewa, alikilipia kwa kibarua shambani.

Mwaka 1861, kabla ya kuapishwa kuwa Rais, alisafiri kwenda kumuaga Sarah. Aliuawa mwaka 1865. Mama alifariki mwaka 1869.